Biri tano za aina moja: mwongozo wa kulaza na kuonja sigara za Kuba kwa anayeanza

Biri yangu ya kwanza ya Kuba niliivuta usiku uleule ilipotoka uwanja wa ndege. Rafiki alikuwa ameniletea tano kutoka Havana, amezifunga ndani ya soksi katikati ya begi, nami sikuona sababu ya kungoja. Kufika nusu, ulimi ulikuwa umekufa ganzi na mdomoni kuna harufu ninayoijua tangu utotoni: banda la kuku lisilofagiliwa wiki nzima. Nikajisemea, huyu kauziwa feki. Nne zilizobaki nikazitupia kwenye chombo cha plastiki na kuzisahau. Miezi miwili baadaye nikaijaribu ya pili kwa kukosa la kufanya, nikabaki kuigeuzageuza mkononi. Zilikuwa zilezile kweli?

Zilikuwa zilezile, ila zilikuwa zimelala. Mwongozo huu umetokana na bahati hiyo: unanunua biri tano za aina moja, unazilaza, unaonja moja moja kwa nafasi. Aliyefanya hivyo huielewa biri kuliko aliyevuta aina 20, kila moja mara moja.

Ninaposema biri nina maana ya ile sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi. Na jambo moja tulimalize mapema: moshi wa biri hauvutwi hadi kifuani, lakini hilo haliifanyi kuwa salama. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya mdomo, na saratani ya mdomo na ya koo huwapata wavuta biri pia. Kama huvuti chochote, hakuna haja ya kuanzia hapa. Aliye chini ya miaka 18 haya hayamhusu.

Kwa nini biri ilazwe

Tumbaku nzuri ya Kuba hutoka Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, magharibi ya kisiwa, hasa pande za San Luis na San Juan y Martínez. Majani yakishakaushwa ghalani hurundikwa, nayo hupata moto yenyewe na kuchachuka, kama lundo la mboji linavyofuka moshi asubuhi. Humo ndimo inamotoka amonia, gesi kali inayochoma pua. Uchachukaji huo hauishi siku biri inaposokotwa. Msokotaji, Wakuba humwita torcedor, anahitaji majani yenye unyevu ili yasipasuke mkononi, na unyevu huo huyaamsha upya. Kiwandani biri hupumzishwa kwenye chumba chenye makabati ya mbao, kisha huingia kwenye boksi na kusafiri. Ukiifungua ikiwa na miezi mitatu, ndani bado kazi inaendelea. Banda langu la kuku lilikuwa hilo.

Sababu ya pili ni safari yenyewe. Hewa ya ndege ni kavu, kisha inakuja joto la kwetu. Jani la nje hukauka au kulowa upesi, ya ndani huchelewa. Ukiiwasha katika hali hiyo nje na ndani haviendi pamoja: inaungua upande mmoja, inapasuka, inazimika.

Wapishi wa pilau wataelewa haraka. Mchele uliovunwa juzi hubonyea na kugandana. Uliokaa ghalani hupanda punje moja moja. Shamba ni lile lile.

Inafaa pia kujua unachokilaza. Biri ina sehemu tatu, na majina ya Kihispania yanajieleza. Capa, maana yake joho, ni jani zuri la nje, lililokuzwa chini ya kivuli cha vitambaa ili libaki laini. Capote ni jani linalofunga. Tripa, yaani matumbo, ni majani ya ndani: volado ya chini ya mmea, yanayosaidia kuwaka, seco ya katikati, yenye harufu, na ligero ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, mazito, yenye nguvu, yanayoungua polepole. Ligero ndilo linalohitaji subira kubwa kuliko yote. Biri kali ni biri yenye ligero nyingi, na ndiyo itakayokuadhibu zaidi ukiiharakisha.

Kununua

Usianze na Cohiba. Siyo kwamba ni mbaya, ila mwaka 2022 bei zake na za chapa ya Trinidad zilipandishwa mno duniani kote, na ulimi wa anayeanza hautaiona tofauti unayoilipia. Pia ndiyo chapa inayoghushiwa kuliko zote. Ukiona boksi la Cohiba lenye kifuniko cha kioo, ondoka. Halitengenezwi na kiwanda chochote cha Kuba. Yule kijana wa Havana anayedai shangazi yake anafanya kazi kiwandani, mwitikie salamu, uendelee na safari yako.

Mimi ningechukua Montecristo No. 4. Umbo lake huitwa mareva: urefu milimita 129, unene 42. Hiyo 42 ni sehemu za 64 za inchi, kama milimita 16.7. Inavutwa kwa dakika 40 hadi 50, muda wa kutosha kujifunza bila kulewa. Ukitaka nene kidogo na laini zaidi, Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 ina umbo la robusto: urefu milimita 124, unene 50. Partagás Serie D No. 4 ina vipimo hivyohivyo lakini ina ubavu. Iache kwa mwaka wa pili.

Chini ya boksi huwa kumechomwa chapa: Habanos s.a., Hecho en Cuba, Totalmente a mano, pamoja na muhuri wa mwezi na mwaka lilipofungwa. Miezi imefupishwa kwa Kihispania: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Tarehe hii ina maana kubwa kuliko maelezo yote ya muuzaji. Boksi la miaka mitatu amonia imeshakwenda zake. Linahitaji wiki tatu au nne tu za kupumzika safari. La miezi mitano lina njia ndefu mbele yake. Kama unanunua moja moja dukani, omba kuona sehemu ya chini ya boksi. Muuzaji anayeijua kazi yake hatashangaa.

Ishike biri kwa vidole viwili na uibonyeze taratibu toka kichwani hadi mguuni. (Kichwa ndipo unapoweka mdomo, mguu ndipo pa kuwasha.) Inatakiwa iitikie na kurudi, kama mkate wa jana. Palipo pagumu kama fundo, moshi utakwama hapo.

Msomaji aliye Marekani ajue kwamba vikwazo vya mwaka 1962 bado vipo, na kuingia na biri za Kuba huko, hata moja mfukoni, ni kosa.

Chombo cha kulazia

Wenye hela hununua kasha la mbao liitwalo hyumida. Ni zuri kutazama, ila la bei rahisi huvuja hewa, na kwa biri tano ni kama kununua lori kubeba debe la mahindi. Chukua chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kile chenye mpira kwenye kifuniko na kufuli nne za pembeni. Kiwe kipya. Mimi niliwahi kutumia kilichokuwa na bizari, nimekiosha mara tatu, nikaamini kimekwisha harufu. Biri nyingine nne zikaja kunukia mchuzi. Tumbaku hunyonya harufu kuliko sifongo.

Ndani weka vitu viwili. Cha kwanza ni pakiti ya kudhibiti unyevu, ya Boveda kwa mfano, iliyoandikwa 65 au 62, yaani asilimia ya unyevu. Hizi hutoa unyevu hewa ikikauka na kuufyonza ukizidi. Moja ya gramu 60 inatosha biri 25. Zipo za 69 na 72 pia, na vitabu vya zamani husifia asilimia 70, lakini za Kuba zikiwa na unyevu huo huwa nzito kuvuta na zinazimika ovyo. Kaa kwenye 65.

Cha pili ni kipimaunyevu kidogo cha kidijitali. Usikiamini kabla hujakijaribu. Weka kijiko cha chumvi ya mezani ndani ya kizibo cha soda, dondoshea maji tone kwa tone mpaka chumvi iwe kama mchanga wa ufukweni: imelowa lakini haijayeyuka. Weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa kufunga, ufunge vizuri, uache kutwa au usiku kucha. Ndani ya mfuko huo unyevu utatulia kwenye asilimia 75. Kipimo changu kilisoma 71, kwa hiyo nimekibandika karatasi nyuma: ongeza 4.

Ukipata kipande cha ubao wa mwerezi wa maboksi ya biri, kitupie humo. Hiyo inayoitwa mwerezi si mwerezi hasa. Ni *Cedrela odorata*, mti wa Amerika ulio ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini wetu. Morogoro umeuvamia msitu wa Kimboza mpaka wahifadhi wanahangaika nao. Kwenye biri, hata hivyo, ni rafiki: hushika unyevu na kuachia harufu tamu.

Joto ndiyo adui, hasa Pwani

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi ambao kutwa wanahangaika biri zisikauke. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja shida ni kinyume chake. Hewa ina unyevu kupita kiasi na joto haliteremki. Tumbaku ina mdudu wake mdogo wa kahawia ambaye mayai yake huja yamejificha ndani ya jani. Joto likipita nyuzi 24 au 25 kwa siku kadhaa yanaanguliwa, naye huitoboa biri kama fukusi atoboavyo mahindi. Utaona tundu dogo la duara na unga chini.

Kwa hiyo chombo kikae chumba chenye kiyoyozi, chini kabisa ya kabati, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Nyuzi 18 hadi 21 ni raha, 23 inavumilika. Usiweke kwenye friji ya jikoni moja kwa moja: ni kavu na ina samaki.

Kama umeme wako ni wa kukatika ovyo, zigandishe kwanza. Funga biri kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza siku tatu. Zihamishie chini kwenye friji kutwa moja, kisha ziache mezani bila kufungua mifuko mpaka zifikie joto la chumba. Ukiruka hatua ya friji joho litapasuka.

Nairobi mambo ni mepesi, hali ya hewa yenyewe ni stoo, ila miezi ya Januari na Februari pakiti hukauka upesi. Ikigeuka ngumu kama biskuti, badilisha. Walio Muscat au Dubai wakumbuke kwamba kiyoyozi cha mfululizo hukausha hewa ya ndani kabisa, hata kama nje ya mlango shati linalowa.

Ratiba ya biri tano

Bandika tarehe juu ya kifuniko. Biri ya kwanza ivute ndani ya siku mbili tatu za kuipata, ikiwa hivyo ilivyo. Ndiyo, najua nimetoka kusema usifanye hivyo. Lakini bila hiyo hutakuwa na cha kulinganisha, na ukishindwa kuimaliza hujapoteza kitu.

Ya pili ivute wiki ya nne. Ya tatu mwezi wa tatu. Ya nne mwezi wa sita. Ya tano nitaisema mwishoni.

Kati ya hapo kazi ni ndogo. Kila wiki mbili fungua kifuniko dakika moja amonia itoke, zigeuze upande, nusa mguuni. Mwanzoni pua inachomwa kidogo. Siku ikiacha kuchomwa, utajua. Ukiona vumbi jeupe au la kijani lililosimama kama manyoya na linanuka stoo iliyofungwa, huo ni ukungu. Likiwa kwenye joho tu, futa kwa kitambaa kikavu na uzitenge. Likiwa limeingia mguuni, tupa.

Siku moja kabla ya kuvuta, toa biri kwenye chombo na uiweke ndani ya boksi tupu la mbao kwenye chumba chenye kiyoyozi. Inapunguza maji kidogo na kuwaka vizuri zaidi. Usiiache barazani Pwani. Itanywa unyevu badala ya kuupunguza.

Kukata na kuwasha

Kula kwanza. Biri tumboni mtupu inaweza kukutoa jasho la baridi, kichwa kikazunguka na chakula cha jana kikarudi. Ikitokea, iweke chini, kunywa soda yenye sukari au tafuna kashata, kaa kwenye hewa. Inapita ndani ya nusu saa.

Kichwani utaona mstari mwembamba inapoishia kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa. Kata juu ya mstari huo, milimita moja au mbili tu, kwa mkupuo mmoja. Ukikata chini yake joho litaanza kufunguka mdomoni kama bandeji. Kisu cha jikoni kikali kinafaa kuliko kikatio butu.

Kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu. Hapo tayari kuna ladha: nyasi kavu, zabibu kavu, mbao. Iandike. Kisha washa kiberiti cha gesi au njiti ndefu, kamwe si mshumaa wala kiberiti cha petroli, na uchome mguu bila kuugusa kwa mwali, ukiizungusha, mpaka ukingo mzima uwe mweusi na uanze kuwa mwekundu. Ndipo unapoiweka mdomoni na kuvuta taratibu huku mwali uko sentimita moja mbali. Puliza mguu: wekundu uwe duara kamili. Palipo peusi paongeze moto. Dakika moja ya uangalifu hapa inakuepusha na nusu saa ya kupambana na upande unaokimbia.

Kuonja

Vuta mara moja kwa dakika, isiyozidi. Hapa ndipo wengi huharibu, hasa waliozoea sigara za kawaida. Ukivuta haraka biri inapata moto, na moto hufuta ladha zote ikabaki uchungu na ukali. Jaza mdomo, uache moshi ukae juu ya ulimi kama unavyokaa na funda la kahawa, uutoe. Mara moja kila baada ya mivuto mitano sita, funga mdomo ukiwa umebakiwa na moshi kidogo na uupitishe puani ukitoka. Kidogo, nimesema. Pua ndiyo inayojua iliki na mdalasini. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ile ladha ya supu ya nyama tu.

Usitafute ladha za watu. Ukisoma mtu ameonja beri za porini na wewe hujawahi kuzila, zimekufaa nini? Tumia jikoni kwako: korosho za kukaanga, kahawa chungu ya barazani, karafuu, pilipili manga, asali mbichi, ngozi ya kiatu kipya, karakana ya seremala, udongo ukinyeshewa mvua ya kwanza. Kwa makosa pia tuna maneno mazuri. Ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokunja ulimi, ni dalili ya ujana au ya kuvuta haraka. Kukereketa kooni mara nyingi ni amonia. Uchungu wa mkaa ni moto mwingi.

Gawa biri mafungu matatu na uandike kila fungu. Wafaransa wana msemo kwamba theluthi ya kwanza ni nyasi kavu, ya pili ni ya kimungu, ya tatu ni samadi. Ni utani, lakini nguvu kweli hujikusanya kuelekea kichwani, na hakuna sheria ya kuimaliza. Maji ya kawaida pembeni. Kahawa isiyo na sukari ikiwa lazima. Chai ya tangawizi itakudanganya.

Jivu usiligonge gonge. Liache lifike sentimita mbili, kisha liegemeze kwenye kisahani lianguke lenyewe. Upande mmoja ukikimbia, gusa kwa mwali upande uliobaki nyuma. Ikizimika, ondoa jivu, puliza nje mara moja kutoa moshi mchafu uliolala ndani, washa tena. Ikiwa imelala saa nzima imezimika, iage. Na ukimaliza usiisokote kwenye kisahani kama sigara, chumba kitanuka siku tatu. Iache ife peke yake.

Maandishi yangu kwa zile za kwanza yalikuwa mafupi. "Ya 1: banda la kuku, ulimi ganzi, nusu." "Ya 2, miezi miwili: bado inakereketa mwanzoni, katikati kahawa." "Ya 3: korosho! mbao, utamu kama mkate uliobabuliwa; mwisho ukakasi." "Ya 4: haikereketi kabisa. Iliki puani, mara mbili, nina hakika."

Ya tano usiivute bado. Nunua tano nyingine za chapa tofauti, umbo lilelile, na uziweke chombo kimoja nayo. Zile mpya zikifika mwezi wa tatu, ivute ile ya zamani leo na moja ya zile mpya kesho, saa ileile, baada ya chakula kilekile. Yangu ilikuwa na miezi 14 nilipofanya hivyo, nikaimaliza mpaka vidole vikaanza kuungua.